Sahani mbili alizozitupa Mama Geesje

Saa mbili asubuhi, Geesje Hoekzema anamimina uji wa moto wa mwani kwenye sahani ndogo za plastiki, moja baada ya nyingine, bila kumwaga hata tone. Sahani mia tatu kwa wiki, mwaka wa ishirini na saba sasa, katika jiko la maabara ya chuo kimoja hapa mjini Delft. Uji ukipoa unaganda, na juu yake wanafunzi wa mwaka wa kwanza huotesha vijidudu wasivyoweza kuviona kwa macho.

"Bakteria, kuvu, wote nawapikia mimi," anasema. "Hawajawahi kulalamikia chumvi."

Anacheka kidogo, kisha anaacha. Siku hizi kicheko hakimkai.

Kila Septemba somo la kwanza la vijidudu ni lile lile. Mwanafunzi anabonyeza kidole kwenye sahani, ananawa, anabonyeza tena kwenye sahani ya pili. Zinakaa siku chache kwenye kabati la joto, halafu kila mtu anaona alichokuwa nacho kidoleni.

Mwaka huu, asubuhi ya kumimina, mwenzake mmoja alikuwa anatimiza miaka hamsini. Saa nne hapa ni kahawa, mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayeleta keki, na huondoki mezani kabla ya kumpa kila mtu mkono wa pongezi. Geesje aliacha trei ya mwisho, sahani nne tu, vifuniko wazi zipoe. Dirisha nalo lilikuwa wazi.

"Nilikaa nusu saa na nikala vipande viwili. Mimi huyuhuyu ninayewagombeza watu kwa kuacha kifuniko dakika mbili."

Akimaliza kumimina, sikuzote hubakiza sahani mbili za mwisho, zisizoguswa na mtu, ili ajue kama uji ni safi. Siku ya tatu alizikuta zina ukungu wa kijani. Akajua ni ile nusu saa ya keki. Alizifunga kwenye mfuko wa taka, akazitupa, akanyamaza.

Mbili nyingine za trei ile zilikuwa zimemfikia mwanafunzi Wietske Tolsma, binti wa miaka kumi na minane, mtoto wa wafuga ng'ombe wa mkoa wa Friesland. Zilijaa ukungu, na ile ya baada ya kunawa ilizidi. Mwalimu aliiinua juu darasa zima lione.

"Wewe dada, huwa unanawa au unayasalimia maji tu?"

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Zizi. Geesje alikuwa amesimama mlangoni na kitoroli cha vyombo.

"Nilisukuma kitoroli nikaenda zangu," anasema, macho sakafuni. "Mtu mzima mimi, nina wajukuu. Naona aibu hata kukusimulia."

Wiki iliyopita alisikia kuwa Wietske anataka kuacha masomo. Alimfuata kwenye sinki la maabara. Mikono ya binti ilikuwa myekundu, imechubuka kwenye vifundo vya vidole.

"Mwanangu, sahani zako zilikuwa zimeharibika kabla hujazigusa. Niliziharibu mimi, na nikajua."

"Kwa hiyo mikono yangu haikuwa na kosa?"

"Haikuwa na kosa lolote."

Wietske alifunga bomba. "Miezi miwili nanawa mpaka natoka damu, Mama Geesje. Nilichekwa mbele ya watu. Na wewe unakuja kuniambia hapa, tuko wawili?"

Jibu Geesje alilipata akiwa nyumbani, anamenya viazi.

Jumatatu, kabla ya kahawa, atasimama mbele ya wanafunzi themanini aseme alichofanya. Mwalimu ameshaambiwa, na amekubali. Geesje amemimina sahani moja, akaiacha wazi dirishani nusu saa, na ukungu umeshaota. Pembeni mwa kifuniko, mahali mwanafunzi anapoandika jina lake, ameandika la kwake.

Wietske hajasema kama atakuja.

"Namwomba aje tu," anasema Geesje, akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Akija, nitampa yeye aiinue sahani yangu."