Kisima cha Ihumwa na Msitu wa Ziwani

Mjukuu wangu amerudi kutoka shule na swali. Mwalimu amewaambia walinganishe mandhari ya nchi kame na mandhari ya nchi ya ziwa yenye misitu, kisha waseme ipi inapendeza zaidi. Amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, ananisomea jibu lake hata ugali sijaumaliza kuusonga. Ziwani kuna miti mirefu, maji mengi na ndege wa kila rangi. Kwetu kuna vumbi. Basi, kamaliza.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Bibi, si inajulikana!"

Nilicheka, maana ningefanyaje? Hata sisi tuliambiwa hivyo hivyo, tena na mtu wa tumbo moja na mama yangu, na tulipoamini tulikwisha. Mtoto amekwenda kucheza, mwiko bado ninao mkononi. Wewe unayenisoma ni mtu mzima mwenzangu, kwa hiyo jibu lenyewe nakupa wewe.

Nilizaliwa Ihumwa kabla reli haijafika. Mdachi, Mjerumani yule, alikuwa ameshaingia, ila sisi watoto tulimsikia zaidi kuliko kumwona. Alikuwa na boma lake Mpwapwa, na kwetu alipita tu na askari wake na misururu ya wapagazi waliojitwika mizigo, wakienda bara. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ndefu, ya fito na udongo, na juu ilikuwa bapa kiasi cha kuanikia mtama na kukaa. Nilipenda kukaa huko juu asubuhi. Kutoka pale ungeona nchi yote: migunga iliyosimama mbalimbali, nyasi za kiangazi zilizokauka zikawa nyeupe, vilima vya mawe upande wa Mlali vikionekana kwa mbali sana. Mtu akija ulianza kuona vumbi lake, halafu fimbo yake, halafu ukamtambua kwa mwendo. Nilidhani nchi ya namna hiyo haiwezi kumficha mtu mbaya. Utoto nao una ujinga wake.

Watu husema nchi kame haina kitu. Hao hawajawahi kusikia harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi la Ugogo, wala hawajaonja mlenda uliokaushwa vizuri, ukapondwa, ukaliwa na ugali wa uwele wakati njaa imekubana. Hawajaona jioni ng'ombe wakirudi na njuga zao, vumbi likiwa jekundu mpaka huoni miguu yao, unaona migongo tu inaelea. Mama aliniita nishike ndama wakati wa kukamua, na maziwa yalikuwa ya moto yakinukia moshi wa kibuyu. Naeleza haya kwa hasira kidogo, nisamehe.

Jambo letu kubwa lilikuwa kisima. Korongo la pale kwetu lilipitisha maji siku chache za masika, kisha likabaki mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga maji yalikuwapo, na babu yangu mzaa baba ndiye aliyechimba mahali palipo na maji yasiyokatika. Kisima kilikuwa kirefu, wanaume walisimama ndani mmoja juu ya mwingine wakipokezana vibuyu huku wakiimba, na wa juu akamwaga kwenye hori la udongo. Ng'ombe wa baba walikunywa kwanza, kisha wa majirani, kwa zamu. Wa mwisho alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alikuwa na ng'ombe wachache tu. Zamu yake ilipofika maji yalikuwa matope, ikabidi angoje yatulie. Alikuwa mcheshi, hakulalamika hata siku moja. Mimi nilimpenda kuliko watu wote.

Mwaka mmoja mjomba alichukuliwa kubeba mizigo ya Mdachi mpaka Ziwa Nyanza. Alirudi amekonda, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hana, na maneno tele. Kiangazi kile kilikuwa kibaya, ng'ombe walikuwa wanalamba mawe. Alikaa na baba uani akamweleza habari za ziwa: maji hayana ng'ambo, miti imeshikana juu mpaka mchana unatembea kivulini, na nyasi zinamfika ng'ombe tumboni mwaka mzima. Mama aliacha kutwanga akasikiliza. Mimi nililala chali nikitazama anga letu lisilo na wingu, nikaliona limechakaa.

Baba hakuwa mjinga. Mfugaji akisikia miti mingi huwaza mbung'o, yule inzi anayemaliza mifugo.

"Shemeji," akauliza, "na mbung'o je?"

"Porini wapo, nani asiyejua," akasema mjomba. "Lakini pale majini pana upepo, hawakai. Naapa kwa maziwa ya mama tuliyonyonya, mimi na dada yangu huyu."

Kwetu kiapo hicho mtu haapi hivi hivi. Na aliapa mbele ya mama aliyenyonya maziwa hayo hayo. Baba akasema basi, tunakwenda. Mjomba yeye angebaki kukilinda kisima, kisije kikafukiwa na mchanga. Tuliona ametutendea wema.

Safari sitaisimulia yote. Tulipita Unyaturu, tukapita Iramba na Usukuma, tukiswaga taratibu, tukalizunguka ziwa hadi upande wa Uzinza, kule alikotuelekeza. Na nisimsingizie mjomba: uzuri aliousema ulikuwapo. Siku ya kwanza kuona ziwa niliogopa, nikamshika mama nguo. Miti ilishuka hadi majini, mikubwa, yenye mizizi iliyo wazi, na kamba za mimea zimening'inia. Kila kitu kilikuwa kibichi, hata mawe yaliota majani. Usiku vyura walipiga kelele mpaka ukashindwa kusikia mtu wa pembeni yako. Tulikula samaki, sisi ambao kwetu tulimwita nyoka wa majini, na mama alifumba macho akimeza. Lakini nilikosa pa kutazama. Kila upande ulikutana na mti. Nilizoea kuona mtu akija tangu mbali, na kule mtu alitokea ghafla yuko mbele yako.

Baba alijenga nyumba kama alivyojua, tembe, udongo juu, bapa. Wenyeji walisimama wakamtazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kwenye vibanda vyao vya nyasi vilivyochongoka. Mvua za kule hazinyeshi kama zetu. Zilinyesha siku nenda siku rudi, paa likaota nyasi, mbuzi wakapanda kulila, na mchana mmoja tukiwa nje likaporomoka lote. Majirani walikuja kutusaidia kutoa vyombo huku wakicheka, na baba naye akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Ng'ombe walianza kuugua polepole. Manyoya yalisimama, macho yakatoa machozi, wakakonda katikati ya nyasi zinazowafika tumboni. Hilo ndilo lililomvunja baba. Kwetu ng'ombe akikonda unajua sababu, unaona ardhi tupu. Kule alikonda huku mdomo umejaa majani. Walilala mmoja mmoja pembeni ya maji mengi kuliko yote niliyopata kuyaona.

Jirani yetu, mama mmoja mke wa mvuvi, alikuja kutupa pole. Alizungumza Kiswahili cha misafara, cha kuokoteza.

"Lakini nyinyi mlitaka nini hapa na ng'ombe?" akamuuliza mama. "Mgogo mwenzenu hakuwaambia? Yule asiye na kidole. Alipita na Mdachi, wana ng'ombe wa maziwa. Wakafa hapa hapa, wote. Yeye ndiye aliyewachuna. Akatuuliza, tukamwambia: hapa mbung'o, ng'ombe haishi."

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama alishukuru, akaingia ndani ya kibanda cha nyasi tulichokuwa tumejengewa na majirani, akakaa na mgongo wake kwetu.

Tulirudi Ihumwa kwa miguu, hatuna hata mbuzi. Mjomba alituona tangu mbali, nchi ikiwa wazi kama kawaida, na hakuja kutupokea. Alitungoja korongoni. Ng'ombe wake walikuwa wameongezeka, ndio waliokuwa wanakunywa kwanza.

"Ulijua," mama akamwambia. Hata salamu hakutoa.

Mjomba hakukana. Alitazama hori. "Dada, mimi nimekunywa matope miaka yote," akasema. "Mliona, na mlikuwa mnanichekea tu."

Kisha akateka maji, akampa baba kibuyu kwa mikono miwili. Kwetu, ukipokea maji kisimani kutoka mkononi mwa mtu, umekubali mbele ya watu kwamba kisima ni chake. Wote waliokuwapo walikuwa wakitazama. Baba alikuwa ametembea tangu alfajiri, midomo imepasuka. Alikishika kile kibuyu kwa muda mrefu. Akanywa.

Tangu siku hiyo baba alichunga ng'ombe wa shemeji yake, akilipwa maziwa. Mama alichimba shimo lake mwenyewe chini zaidi ya korongo, la maji machache yenye chumvi, na ndiyo tuliyokunywa. Sasa hivi vyote havipo. Korongo limehama, kisima kimefukiwa, tembe zimebaki kwa kuhesabu, na wale waliokuwa wakiimba ndani ya kisima wameshakufa. Msitu wa ziwani nao nasikia wanaukata. Sikufurahi niliposikia, lakini sitasema uongo, sikulia pia. Hata leo nikiona majani mabichi mengi mahali pamoja, miguu inataka kuondoka.

Mjomba alikufa nikiwa nimeshaolewa. Desturi yetu ni kwamba dada wa marehemu ndiye anayeanza kilio, wengine wakafuata. Watu walijaa uani, wamekaa chini, wanamngoja mama. Yeye alikuwa kwenye kinu chake anatwanga uwele. Alimsikiliza aliyeleta habari, akaitikia kwa kichwa, akaunyanyua mchi tena. Tulingoja. Jua likapinda, uwele ukawa unga, akaongeza mwingine. Wanaume wakamzika kaka yake kabla giza halijaingia, kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulia kabla yake.