Jumamosi Niliyomtoa Namba Sita

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyeachwa na timu ya shule kwa kukosa pumzi hawezi kufundisha mpira hata akipewa firimbi ya dhahabu. Walisema Ghuba, huko Uarabuni, itanirudisha kama ilivyowarudisha wengine, na sanduku moja na kikohozi. Mama mwenye kibanda cha chai, ambaye amewauzia mashabiki wa timu yetu chai na mandazi miaka mingi, aliniambia usoni: "Wewe utarudi hapa kunioshea vikombe, na sitakulipa."

Nilirudi baada ya miaka sita. Huko nililinda lango la kituo cha mazoezi cha matajiri. Mchana nilisimama juani, jioni niliketi darasani, na nikarudi na diploma ya ukocha yenye muhuri mwekundu. Leo nafundisha mpira katika shule ya kulipia na nimepanga nyumba Milimani, yenye geti na nyasi za kukatwa kwa mashine. Hakuna aliyenibeba. Nauli ya kwenda nilikopa, na mkopo si msaada.

Wakopeshaji wangu walikuwa watano, na wote walikaa kwenye kibanda kile cha chai.

Ni lazima nieleze kibanda chenyewe. Kiko karibu na uwanja, hapa Kisumu. Kila Jumamosi kabla ya mechi, mashabiki hukunjua katoni juu ya meza, huchora kiwanja kwa mkaa, halafu hupanga vifuniko kumi na kimoja vya soda. Kila mtu ana haki ya kusogeza kifuniko na kutetea anachofanya. Msidhani ni mchezo. Timu yetu haina tajiri, na mafuta ya basi la wachezaji tunachanga sisi. Kwa hiyo kocha huja kunywa chai, husikiliza, na kabla ya kuondoka huipiga picha ile katoni kwa simu yake. Kikosi cha Jumapili huwa ni kile cha katoni. Labda abadilishe winga mmoja ili aonekane ana mamlaka.

Sheria ya pale ni moja: anayedaiwa na mtu wa meza ile hasogezi kifuniko wala hasemi kuhusu kikosi. Anakaa benchi la nyuma, anakunywa chai yake, anacheka wengine wakicheka. Zamani wenye madeni walikuwa wakipanga timu kwa kumfurahisha aliyewakopesha, ndipo sheria ikawekwa. Ni sheria nzuri. Nasema hivyo ingawa ilinifunga mdomo, mimi peke yangu mwenye cheti cha mpira kati ya watu thelathini.

Mkopeshaji wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Kombewa, aliyewahi kununua omena, dagaa wa ziwani, Asembo Bay na kuziuza hapa mjini. Tulimwita Baba Sita, kwa sababu mwanawe alivaa namba sita, kiungo mkabaji wa timu yetu kwa misimu minane. Mwana huyo alikuwa ameisha. Magoti yake yalipiga kelele kumshinda kocha. Mkataba wake ulikuwa unamalizika, na uongozi ulishasema wazi: akianza dhidi ya timu ya Nairobi na akasimama vizuri, ataongezewa msimu mmoja, asipoanza, arudi nyumbani. Kila mtu kibandani alilijua hilo, na kila Jumamosi kifuniko cha sita kiliwekwa katikati bila ubishi. Mzee ndiye aliyenunua mandazi.

Miezi miwili nilikaa benchi la nyuma nikisikiliza ujinga.

"Watu wa Nairobi wanapita katikati," alisema fundi baiskeli siku moja. "Tuweke sita mbili. Mmoja abaki, mwingine akimbie."

"Nani atakimbia? Wewe?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu. "Tukiweka sita mbili, mbele nani atapeleka mpira? Posta?"

"Mwanangu anatosha peke yake," alisema Baba Sita. "Hiyo mtoto anasoma mchezo."

"Anasoma, jaduong'," fundi alimjibu kwa heshima ya mzee, "lakini anasoma polepole kama mtu wa darasa la kwanza."

Walicheka. Mzee pia alicheka, kisha akaagiza mandazi mengine, na kifuniko kikabaki palepale. Halafu mmoja akanigeukia. "Na wewe Bwana Diploma, unaonaje? Pole, nimesahau. Una deni."

Ningeweza kulipa wiki niliyofika. Pesa nilikuwa nazo. Nilisubiri, na sioni haya kulisema. Nilinunua daftari, nikawa nakwenda uwanjani kila mechi, nikiandika kila mpira uliomfika namba sita na mahali alipoupeleka. Nilitaka kulipa siku ambayo kulipa kungekuwa na maana.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya kabla ya mechi ya Nairobi. Kocha alishafika na kushika kikombe. Niliingia nikiwa na shati jeupe, nikasimama mezani, nikamlipa fundi baiskeli, mwalimu, mwenye duka la mbegu, na mama wa chai, ambaye zamani alinikopesha huku akinitukana. Kila mmoja nilimpa noti mkononi, mbele ya wote.

"Osha basi vikombe, tumalizane kabisa," mama alisema, lakini sauti ilikuwa imempungua.

Nikamgeukia Baba Sita na bahasha.

Mzee aliitazama ile bahasha, akaitazama katoni, akanitazama mimi. Alielewa mara moja nilichokusudia. Aliweka mikono yake chini ya meza.

"Kaa nayo, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi sina haraka. Utanipa Jumatatu."

"Leo, Mzee."

"Nimesema Jumatatu. Pesa ni yangu, siku ni yangu."

Hakuna aliyewahi kuona mtu anakataa kulipwa. Fundi alianza kuangua kicheko, kisha akakimeza. Mwalimu alisema kwamba kwa sheria, deni ambalo mwenyewe hajalipokea bado ni deni, na mimi nirudi benchi la nyuma.

Nilitoa simu. Namba ya mzee nilikuwa nayo tangu alipokuwa akinipigia Ghuba kuniuliza kama nimekula. Nikabonyeza, nikamtumia pesa. Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa shati, mlio mfupi, karibu na moyo.

"Soma, Mzee," nilisema.

Hakusoma. Fundi ndiye aliyeitoa ile simu mfukoni, akasoma kwa sauti jina langu na kiasi chote mpaka senti ya mwisho. Kisha akainua macho. "Omera, ndugu yangu, imeingia. Huyu sasa ni mtu huru."

Nilivuta kiti cha mbele. Nilifungua daftari. Ningeweza kuzungumza tu, kwani diploma hufundisha kuzungumza, lakini watu wa kibanda kile huamini wanachokiona. Nikachukua kifuniko cha sita, nikakiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Mshike mwanao," nilisema. "Mimi nasoma mechi iliyopita, wewe msogeze. Nikidanganya, mtu yeyote anikatize."

"Bwana, hiyo si lazima," kocha alisema.

"Ni lazima. Dakika ya nne. Amepata mpira katikati, hakuna mtu karibu. Akaurudisha kwa beki."

Mzee hakusogea. Watu walimtazama. Mwishowe akakirudisha kifuniko nyuma, inchi moja.

"Dakika ya saba. Winga yuko peke yake kulia, ananyoosha mkono. Akaurudisha kwa beki."

Akasogeza.

"Dakika ya tisa. Akaurudisha kwa golikipa."

"Kwa golikipa, kweli," mwalimu alinong'ona. "Hiyo nilikuwepo."

Niliendelea. Sikupandisha sauti. Kila nilipotaja dakika, kidole cha mzee kiliburuta kifuniko nyuma juu ya mkaa, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi. Mtu mmoja akaanza kuhesabu, "Tano! Sita!" kama watu wanavyohesabu pasi uwanjani, na wengine wakamfuata. Kufikia pasi ya kumi na mbili, kifuniko kilikuwa ndani ya goli letu wenyewe, na kibanda kizima kinacheka, hata waliokula mandazi yake asubuhi hiyo.

"Watu wa Nairobi hawahitaji mshambuliaji," nilisema. "Tunaye."

Nikachukua kifuniko kingine, nikakiweka katikati: yule kijana mfupi wa mguu wa kushoto, anayegeuka na mpira kabla hujamaliza kumwita. Nikaeleza jinsi atakavyosimama, nani amfunikie nyuma, na kwa nini mmoja anatosha akiwa na miguu. Hakukuwa na cha kubisha. Nilikuwa sahihi, na leo bado ninasema nilikuwa sahihi. Kocha aliinama, akapiga picha.

Baba Sita alikuwa bado ameshika kifuniko. "Sasa nani atamwambia?" aliuliza.

Kocha alitazama chai yake.

"Wewe, Mzee," nilisema. "Wewe ndiye baba."

Alisimama, akaenda nje hatua chache, akapiga simu akiwa ametugeuzia mgongo. Sikuhitaji kumfuata, lakini nilisogea mlangoni, kwa sababu nilitaka kusikia. Aliongea Kijaluo, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Alimwambia mwanawe kwamba kocha ameamua, kwamba goti lipumzike, kwamba aje Kombewa wiki ijayo, mama yake amemkumbuka. Mimi hakunitaja.

Kisha akaenda zake kuelekea stendi bila kuaga. Nikarudi ndani, nikaagiza chai ya watu wote, nikakaa kwenye kiti chake.