Kuku Kwenye Usukani

Sitaficha: nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya kuku.

Mke wangu alikuwa na kuku wa mayai kumi na wawili nyuma ya nyumba yetu hapa Uvira. Nyumba moja ya wageni mjini ilitaka kununua mayai yake, ila kwa sharti kwamba kuku waishi kwa kufuata sheria. Sheria zenyewe zilikuwa kwenye karatasi mbili, na aliyezileta ni munganga wa mifugo, bwana mtanashati, viatu safi hata wakati wa matope. Kuku asifungiwe kwenye kizimba cha kubana. Awe na ufito wa kulalia, mchanga wa kuogea na kiota chenye giza cha kutagia. Asibebwe miguu juu, kichwa chini. Kila Jumanne bwana huyo alikuja kukagua.

Tangu hapo nyumbani kwangu kukawa na mtu wa tatu. "Munganga alisema" asubuhi, "munganga alisema" tukila sombe. Mahali pa pikipiki yangu, chini ya paa, pakawekwa ufito wa kuku. Mimi ni dereva wa pikipiki, kazi hiyo ndiyo inatulisha, lakini nilitakiwa kuisukuma hadi barabarani kabla ya kuiwasha.

"Papa batoto, munganga alisema makelele inawatisha," mke wangu akanieleza. "Wakiogopa hawatagi."

"Na minye nikiogopa?"

Akacheka, akaenda kuwaongezea mchanga.

Kila Jumanne mke wangu alivaa kitenge cha kanisani. Niliona! Alimwekea munganga kiti chenye mgongo, kiti changu. Munganga akichuchumaa kumtazama kuku, na yeye anachuchumaa, wanaongea polepole utadhani wana mgonjwa. Mimi hajawahi kuniuliza kwa sauti ile kama mgongo unaniuma, na barabara ya Luberizi ilivyo! Roho iliniuma.

Jumanne moja, mke wangu akiwa ameenda kuchota maji, nilikamata kuku watatu. Niliwafunga miguu kwa ukanda wa mpira, nikawaning'iniza kwenye usukani, kichwa chini, jinsi sisi sote tunavyobeba kuku wa watu. Nikaenda nao hadi sokoni na kurudi. Nilitaka munganga aone alama miguuni mwao, akasirike, asikanyage tena kwangu. Mayai ya mke wangu sikuyafikiria hata kidogo.

Niliporudi nilimkuta mke wangu mlangoni. Aliwafungua mmoja mmoja, akawaweka kwenye mchanga wao. Mmoja alikuwa anachechemea.

Munganga alipofika alimshika huyo huyo.

"Mama, hii kuku ilibebwa kwa miguu. Alama ya kamba iko hapa. Ni nani alifanya vile?"

Nilikuwa nimesimama kando ya pikipiki, ugomvi mdomoni. Nilingoja anitaje tu.

"Ni minye, munganga," mke wangu akasema. "Nilikuwa na haraka."

Munganga akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaaga. Nyumba ya wageni sasa inachukua mayai kwa mama mmoja wa Runingu.

Nilidhani mke wangu atanitukana. Ningefurahi angenitukana. Munganga hajarudi, kama nilivyotaka, na kiti changu nimekipata. Lakini "munganga alisema" imekwisha, na "papa batoto" imekwisha pia. Chakula ananiwekea, anaondoka. Pikipiki bado naisukuma mwenyewe hadi barabarani, ingawa hakuna anayenituma, na sijui kama anaona.

Jioni anachuchumaa kwa yule kuku anayechechemea. Anamshika mguu, anamuuliza kwa ile sauti ya polepole kama bado unauma. Mimi nasimama mlangoni, mgongo unaniuma, namwonea kuku wivu.