Nimeupuliza wimbo wa baba kati ya Wagalu na Wagika, sasa hataki kunisimamia nioe

Ndugu wasomaji, nashukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina, ingawa watu wa kijijini kwetu Didia watanitambua kabla hawajafika nusu ya barua. Wanitambue tu. Nina miaka ishirini na sita, nimeposa, na ni fundi karakana katika mgodi mmoja wa dhahabu huku Geita.

Mzungu mmoja, mpima ardhi, alituchagua watu watano akatufundisha muziki wa kwao wa kupuliza, ule unaosomwa kwenye karatasi. Mmoja filimbi, mwingine klarineti, wa tatu zumari nyembamba, wa nne zumari ndefu nene inayonguruma kama dume la ng'ombe, na mimi baragumu la shaba lililojikunja. Miaka mitatu tumepuliza nyimbo za watu waliokufa Ulaya zamani, na nakiri nilizipenda.

Lakini mimi ni Msukuma. Baba yangu ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa ngoma ya Wagalu. Asiyejua habari zetu ajue kwamba Wagalu na Wagika ni vyama viwili vya ngoma, na kila baada ya mavuno hushindana kuvuta watu. Uwanja mmoja, maduara mawili. Anayekimbiwa na watazamaji ameshindwa, na atachekwa mwaka mzima.

Siku moja mazoezini nikaupenyeza wimbo wa baba katikati ya ule wa Kizungu. Mpuliza klarineti, Mgika wa Rwamgasa, akanijibu kwa wimbo wa kwao, na wale watatu wakashika sauti za chini. Nywele zilinisimama. Mzungu akauliza nani katuruhusu kuharibu kazi ya watu, kisha akasema turudie.

Mavuno yaliyopita tukaenda Didia wote watano. Nilimwambia baba nakuja kumsaidia, na wallahi ndivyo nilivyodhani. Tukasimama kati ya maduara mawili, tukapuliza. Wagika wakaja, nikafurahi. Kisha Wagalu nao wakaanza kuja, mpaka wachezaji wa baba mwenyewe, njuga miguuni. Baba akabaki na ngoma zake na mpigaji mmoja. Ningi wa Wagika naye alikimbiwa, lakini yeye hakushindwa na mtoto wake.

Tangu hapo Wagalu wanasema nimeiba dawa ya baba ya kuvuta watu nikawapelekea Wagika. Baba anataka nilete baragumu uwanjani livunjwe kwa shoka, nami niseme kwa kinywa changu kwamba nilirogwa. Nikikataa, hatakwenda Segese kwa wakwe zangu, na wazee wa mchumba wangu hawampokei mwanamume ambaye baba yake yu hai na hakuja.

Nilimwendea, nikamwamkia kwa magoti, nikamwambia ajivunie, maana Wagika wameucheza wimbo wake.

"Wimbo ule niliutunga kuwatukana, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Wewe umeutoa maneno, wakaucheza kama wa kwao."

Niliumia sana, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuimba kabla sijajua kuchunga. Hata hivyo sikurogwa, wala sikuiba dawa ya mtu. Tulipuliza vizuri, watu wakapenda, basi. Baragumu halivunjwi.

Kwa hiyo msinishauri nikaombe radhi ya uongo, hilo nimeshalikataa. Ninyi mliozaa wana wakaidi, nishaurini hili tu: nimwambie nini baba yangu ili aje Segese, wakati anajua, nami najua, kwamba mavuno yajayo nitaupuliza wimbo wake palepale?