Gogo la Chumvi

Shule niliiacha darasa la pili, na nyumba hii ya bati hapa Makere imetoka kwenye patasi yangu. Basi mwalimu mgeni, mama mmoja kutoka Tanga, alipokuja kutafuta mzee wa kuwafundisha wanafunzi kuchonga miti na mawe ya kuokota porini, nikajiona nimeshafika. Nikampangia uani ndege wangu wote wa kuchonga. Akawapita kama maandazi ya jana! Akaenda kuchuchumaa mbele ya kipande cha gogo tunachokipaka chumvi ng'ombe walambe. Kimelambwa miaka hadi kimebonyea na kung'aa.

"Mzee, hiki umechonga wewe?"

Ningesema nini? "Kwa mkono huu."

"Na huu ulaini?"

"Ni uvumilivu, mwalimu. Nalainisha polepole, kila jioni."

Mke wangu akakohoa.

Mwalimu akaniambia nianze Jumatatu, akakikumbatia kile kipande akawaonyeshe wenzake. Hajatoka uani, ng'ombe wakaingia kutoka malishoni. Yule mwekundu akamfuata mbio, akatoa ulimi, akalamba gogo pamoja na mikono ya mwalimu.

"Mzee! Anataka nini huyu?"

Mke wangu akaniwahi. "Mwache amalizie, mwalimu. Ndiye fundi mwenyewe."