Kikombe cha Chai Gotini

Uongozi wa kituo cha watoto umetangaza, kwa muhuri na sahihi mbili, kwamba muziki wa chumba cha watoto wasiostahimili kelele utateuliwa na kamati ya wataalamu saba. Kwa sasa huuteua mama mmoja anayeketi na kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya goti, macho kayafumba, akisikiliza. Ngoma ikiingia ghafla, goti huruka, chai humwagika, na wimbo hufutwa palepale. Hana gauni lisilo na doa. Nje ya chumba hicho ni mtu wa sauti kubwa: akicheka, mlinzi wa getini huitika, "Naam!" Lakini akiingia humo huvua viatu na kunong'ona.

Juzi alichagua marimba ya sauti nne, zilezile, zikizunguka taratibu. Mlangoni alisimama binti wa miaka saba, viganja masikioni. Ilikuwa wiki ya tatu hajavuka kizingiti.

"Mwanangu, mbona wimbo wenyewe hauendi popote?" bibi yake binti, aliyemleta, alimuuliza mama wa chai.

"Ndiyo raha yake, bibi. Hauna njama," alinong'ona.

Kiganja kimoja kikashuka, kisha cha pili. Binti akaingia, akajilaza mkekani, akasema, "Tena."

Kigelegele kilimpanda mama yule hadi kooni. Alikimbilia nje, akauma mtandio, akacheza kwa mabega tu, kimya kimya, machozi ya kicheko yakimtiririka, kisha akanyata kurudi kuurudia wimbo. Aliurudia mara kumi na nne. Kamati ilikuwa bado haijateuliwa.