Bi Sentimita na Ukurasa Usiofunguka

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Watu wa pale darajani walimwita Bi Sentimita, kwa sababu hukuweza kumuuliza habari za mto akakujibu kwamba umejaa au umepungua. Angekwambia, "Mia moja thelathini na mbili," na ukisema kwani jana ilikuwa ngapi, angekuuliza, "Jana ya saa ngapi?"

Kazi yake ilikuwa kusoma mto. Kwenye nguzo ya tatu ya daraja kulipigiliwa ubao mrefu wenye mistari na namba. Mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, aliteremka ngazi za zege, akatazama maji yamefika mstari gani, akaandika kwenye daftari. Kisha alipanda hadi kwenye chumba chake kidogo ubavuni mwa daraja, chenye meza moja, kiti kimoja na dirisha lisilofungika vizuri, akaingiza namba ile kwenye tovuti ya idara ya maji. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Tisa ya mwisho aliifanya na kompyuta ile ile.

Na namba ile haikuwa pambo. Huko chini, mahali ambapo maji ya darajani huchukua saa mbili na nusu kufika, kulikuwa na kivuko cha zege, barabara nyembamba iliyolazwa juu ya mto. Mto ukijaa, barabara ndiyo hulala chini. Aliyelinda kizuizi cha kivuko hicho alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kila saa shemeji alifungua ukurasa wa idara kwenye simu yake, na akiona sentimita mia moja na themanini au zaidi, hushusha kizuizi, asipite mtu. Zamani walipigiana simu. Tovuti ilipokuja, idara ikasema mambo ya simu basi, kila kitu kiwe kwenye ukurasa.

Tatizo lilianza kama maumivu ya jino, kidogo kidogo, hata ukadhani unajisingizia. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu ikataka tano, kisha nane, kisha kumi na moja. Feni yake ikaanza kunguruma kama inayopanda mlima. Na ukurasa wa idara nao ukagoma kufunguka: kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu skrini yote inakuwa nyeupe kama shuka la hospitali.

Mume wake, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, alikuwa na dawa moja ya mashine zote duniani.

"Igonge ubavuni," alisema.

"Hii si lori, baba."

"Hata lori langu lilikuwa halijui kwamba ni lori mpaka nilipoligonga."

Bi Sentimita hakuigonga. Aliazima brashi ya rangi, akaifungua kompyuta kwa bisibisi ya jikoni, akatoa vumbi la kujaza kikombe. Akafuta mafaili ya miaka iliyopita ambayo idara ilikwisha kuyahifadhi. Kompyuta ikashukuru kidogo: kutoka dakika kumi na moja ikarudi tisa. Lakini ukurasa wa idara haukubadilika. Dakika nne, dakika tano, shuka jeupe.

Akapiga simu makao makuu. Mkuu wa takwimu akamjibu kwa sauti ya mtu anayetazama kitu kingine.

"Kwetu hapa unafunguka vizuri tu, mama. Tatizo ni kompyuta yako. Au ni namna unavyoitumia."

Neno lile la mwisho lilimchoma. Siku zile kulikuwa na mnong'ono kwamba idara inataka kufunga vifaa vinavyosoma mto vyenyewe, na wasomaji waliobaki wamekalia kuti kavu. Mtu asiyejua kutumia kompyuta angekuwa wa kwanza kuanguka.

Hakuwa na elimu ya kompyuta. Alichojua ni kupima. Basi akachora safu mpya kwenye daftari, kando ya safu ya mto, akawa anaandika kwa saa yake ya mkononi: kompyuta imechukua muda gani kuwaka, ukurasa wa idara umechukua muda gani kufunguka. Akarudi nyuma hadi kwenye kumbukumbu zake za zamani, maana kila mara alizoea kuandika saa aliyosoma, saa aliyofungua ukurasa na saa aliyotuma, akajaza na siku zilizopita. Siku moja, kwa hasira tu, akafungua ukurasa wa gazeti. Ulifunguka kwa nusu dakika.

"Sasa kama mbovu ni kompyuta," alijisemea, "mbona gazeti linafunguka?"

Akawaandikia idara swali hilo. Hawakujibu.

Kisha ikaja Alhamisi ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo milima ya juu ilinyeshewa, ila pale darajani hapakudondoka hata tone. Asubuhi alisoma mia moja na arobaini, akatuma, namba ikafika baada ya kuhangaika. Saa sita mchana alipoteremka, alisimama ngazi tatu kabla ya pale alipozoea kusimama, kwa kuwa zilizobaki zilikuwa ndani ya maji. Mia moja tisini na saba. Maji yamevuka mia moja na themanini saa ngapi? Saa tano? Saa tano na nusu? Hakujua. Alipanda mbio.

Akaingiza namba, akabonyeza. Kiduara. Dakika tano, kiduara. Skrini ikawa nyeupe, kisha kompyuta nzima ikaganda, hata mshale hausogei. Akaizima, akaiwasha. Dakika tisa. Alizihesabu zote amesimama, huku akiusikia mto chini ya sakafu ukisema kwa sauti ambayo si yake ya kila siku. Akajaribu tena, ikaganda tena, akaiwasha tena. Saa saba kasoro dakika tano ndipo neno likatokea: Imepokelewa.

Akashusha pumzi. Akateremka kusoma tena, ingawa si saa yake: mia mbili na kumi na nne. Akarudi juu, akaketi, akasimama. Roho ilikataa kukaa. Kama ukurasa huu unanisumbua mimi hivi, aliwaza, kwenye kisimu cha shemeji unafanya nini?

Utaratibu ulikataza, lakini alipiga. Haikupokewa. Akapiga tena. Haikupokewa. Mara ya tatu shemeji akaitika, na kwa mazoea akaanza utani.

"Shemeji! Leo umenikumbuka? Au umeanza kumwonea wivu mdogo wako?"

"Umefunga kizuizi?"

"Nifungie nini? Jua linawaka huku."

"Ukurasa unakwambiaje?"

"Nautazama hapa. Ulizunguka weee, mwisho ukafunguka. Mia moja na arobaini."

"Hiyo ni ya asubuhi. Sasa hivi ni mia mbili na kumi na nne. Shusha kizuizi."

"Lakini ukurasa wenu wenyewe unase..."

"Achana na ukurasa! Mimi nimeyaona maji kwa macho yangu. Shusha, shemeji, nakuomba."

Akasikia chuma kikilia. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Hakukata simu, na shemeji naye hakukata. Kupitia simu akasikia watu wakikusanyika na kuanza kulalamika. Barabara kavu hii, mzee, umelewa? Nina mgonjwa ng'ambo. Nipishe nipite. Mmoja alimtukana matusi ya nguoni.

"Shemeji," mlinzi akanong'ona, "una hakika?"

Hapo ndipo hofu ilipombana kweli. Vipi kama amekosea? Vipi kama macho ya miaka hamsini na minne yamesoma mstari mwingine? Shemeji atafukuzwa kwa ajili yake, na yeye atathibitisha yote waliyomdhania. Akateremka tena na simu sikioni, akasogea mpaka maji yakamgusa viatu, akainama, akasoma kwa kidole. Mia mbili ishirini na moja.

"Nina hakika," akasema. "Usimpishe mtu."

Saa nane na dakika tano makelele ya upande wa pili yakakatika ghafla. Halafu akasikia mngurumo.

"Shemeji," sauti ya mlinzi ilikuwa imekauka, haina utani hata chembe. "Kivuko hakionekani. Yamekuja yote mara moja. Kuna watu kumi na wanne hapa na mkokoteni wa punda. Wote wameganda."

Bi Sentimita alikaa kwenye ngazi iliyolowa. Akasema alhamdulillahi.

Jumatatu idara ikamtuma fundi wa kompyuta, mwanamke kijana mwenye miwani na begi la vifaa. Alitaka kuanza na mashine, lakini Bi Sentimita alimsukumia daftari kwanza. Fundi akalisoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akaendelea kulisoma ameketi.

"Mama, nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Nani anifundishe? Napima tu."

Fundi aliifungua kompyuta, akasikiliza diski yake kama daktari anavyosikiliza kifua. Imezeeka, akasema, na kumbukumbu yake ni ndogo kwa kazi za siku hizi. Ndiyo maana inachelewa kuwaka, tena inaganda. Kisha akatoa kompyuta yake mwenyewe, mpya, akafungua ukurasa wa idara. Kiduara. Dakika tatu nzima.

"Kumbe," akasema taratibu. "Magonjwa mawili, mwili mmoja."

Akapitisha kidole kwenye safu ya daftari. Ukurasa ulikuwa ukifunguka kwa sekunde ishirini mpaka tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita. Tangu kumi na tatu, dakika nne. Ilikuwa nini tarehe kumi na tatu? Akachungulia ndani ya ukurasa, akakuta. Picha thelathini na sita za sherehe ya kufungua jengo jipya la idara, zimetoka kwenye kamera na kupandishwa hivyo hivyo bila kupunguzwa ukubwa, zikawekwa juu kabisa. Mpaka zifunguke zote ndipo namba ya mto ionekane. Makao makuu hawakuona tatizo, maana mashine inayohifadhi tovuti ilikuwa chumba cha pili kutoka kwao. Na simu ya mlinzi, ilipochoka kusubiri, ilimwonyesha ukurasa wa asubuhi iliokuwa imeutunza, bila kumwambia kwamba ni wa zamani.

"Yaani," Bi Sentimita alisema, "watu wangesombwa kwa sababu ya picha za bosi na mkasi wa kukata utepe?"

Fundi alikuwa tayari anaandika barua.

Picha ziliondolewa siku ile ile. Namba ya mto ikawekwa juu, kwa herufi kubwa, na kando yake saa iliyosomwa. Ukurasa ukafunguka kwa sekunde sita. Kompyuta ilipata diski mpya na kumbukumbu ya kutosha, ikawa inawaka kabla hujamaliza kukaa. Mkuu wa takwimu alipiga simu kusema kwamba "marekebisho madogo yamefanyika."

"Ahsante," alisema Bi Sentimita. "Na mimi kuanzia leo nitampigia mlinzi simu."

"Huo si utaratibu, mama."

"Basi uandikeni uwe utaratibu."

Ilichukua wiki tatu, lakini uliandikwa: maji yakivuka mia moja na hamsini, msomaji atampigia mlinzi simu.

Ungedhani baada ya hapo angelala usingizi. Wapi. Mvua zilizofuata alituma namba, akapiga simu, na hakukaa mpaka shemeji amrudishie namba ile kwa mdomo wake, tarakimu moja moja. Mdogo wake alimlalamikia kwamba siku hizi anaongea na mume wa mtu kuliko mwenye mume. Bi Sentimita alikiri kwamba ni kweli, akamwomba asubiri kidogo, kisha akateremka kusoma tena.